Riwaya Iliyokatwa Mara Tatu

Wifi wa fundi mmoja wa vitabu alipojifungua mapacha, kila mtu alimpelekea nguo za watoto. Mwenyewe aliomba riwaya. "Nguo watavaa wao," alisema. "Mimi je?"

Akanunuliwa moja nene kama tofali, jalada laini, gundi tupu mgongoni. Shida ilianza siku hiyohiyo. Mkono mmoja ulikuwa na mtoto, na uliobaki haukuweza kukiweka kitabu wazi. Akikilazimisha, mgongo unalia ka! Akilegeza kidole, kinajifunga. Punde kurasa zikaanza kuchomoka, na moja ikaogelea kwenye beseni la nepi.

"Wewe si fundi wa vitabu?" alimwambia mke wa kaka yake. "Kitibu hiki kabla sijakitupa dirishani."

Fundi alikipeleka kwenye karakana yake, chumba kimoja chenye meza ndefu, mashine ya kukatia na harufu ya gundi. Angeweza kukigandisha upya, lakini kingebaki tofali lilelile. Mezani kulikuwa na kitabu cha Kijapani ambacho mteja alikileta kirekebishwe koti lake la karatasi lililochanika. Kwao vitabu hivyo huitwa bunko: vidogo vya kuenea kiganjani, vyepesi, na riwaya ndefu hugawanywa juzuu mbili tatu ili mtu asome hata amesimama kwenye treni. Fundi alikishika kwa mkono mmoja, akakifungua kwa dole gumba. Kilitii.

"Basi ni kukata," alijisemea. Wifi yake hakuwa mtu wa kuchezewa vitu vyake.

Aliuondoa mgongo wote, akagawa kurasa mafungu matatu pale sura zilipoishia, akapunguza pambizo. Kila fungu alilipinda kama mtu anayetandaza karata, akapaka gundi inayonyumbuka, akalipinda upande wa pili, akapaka tena, ili kila ukurasa ushikane na jirani yake. Majalada aliyakata kwenye karatasi ngumu ya rangi ya chungwa.

Wifi kuviona vitabu vitatu, akapiga yowe. Pacha mmoja akaamka, wa pili akamfuata.

"Umekichinja kitabu changu!"

"Shika kwanza, wifi. Mkono mmoja, kama Wajapani."

Alipokea kimoja kwa kununa. Akakifungua, kikakaa wazi. Akageuza ukurasa kwa dole gumba, kisha mwingine.

"Sogea hapo," alisema bila kuinua macho. "Unanizibia mwanga."

Mama mkwe wa fundi alikuwa amekuja kuogesha wajukuu, na kwake riwaya zilikuwa kazi ya wasio na kazi. Lakini juzuu ya tatu ilikuwa imekaa tu. Akasema anakagua kazi ya mkwe wake. Jioni alikuwa bado anakagua.

"Mama, huo ndio mwisho!" wifi alimaka.

"Wajapani si wanaanzia nyuma?"

"Ni kitabu ndicho kinachofunguliwa upande ule, mama," fundi alisema huku akicheka. "Hadithi inaanza mwanzo."

Maji yalikuwa yameshamwagika. Mama alijua nani atamwoa nani, na siri ilimwasha ulimi.

"Huyo daktari wako…" alianza.

"Mama!" Wifi akaziba sikio moja kwa bega, mikono yote ilikuwa na watoto.

Kisha juzuu ya pili ikatoweka. Ikaonekana jikoni, mama ameiegemeza kwenye birika, anasoma huku akimenya viazi.

Hatimaye wifi naye akafika mwisho. Akalia, akacheka, akalia tena. Ubishi ukazuka: alitaka daktari asamehewe, mama akataka afukuzwe mjini. Fundi alipopita kuwajulia hali, wakamgeukia yeye aamue.

"Mimi? Sijakisoma."

Walimtazama kama mwizi.

"Umekikata hukukisoma?"

Wakamketisha, wakampa juzuu ya kwanza na pacha mmoja. Mumewe alipopiga simu kumuuliza yuko wapi, alimjibu kwamba yuko sura ya nne.