Kupita na Sikio

Nina hasira za karibu, na kwetu Muheto kila mtu anajua, kwa hiyo sitajifanya malaika hapa. Siku ile niliingia dukani kwa Shyaka bila hodi, nikazibwaga ekuteri zake za masikioni mezani mbele ya wateja, nikamwambia arudishe pesa za kwaya kabla sijamwita jina ambalo mama yake hakumpa.

Shyaka anauza na kutengeneza simu. Ana upara na uvumilivu, na siku ile alivihitaji vyote viwili.

"Karibu, Papa Maestro," akasema. "Keti kwanza. Kuko shida gani?"

Shida ilianzia Buleusa mwaka jana, tulipokwenda kuimba. Mimi, Habumugisha, nimeongoza kwaya ya kanisa letu miaka kumi na tisa na sijawahi kuona aibu kama ile. Bafle za wenyeji, yale maspika makubwa, zilinguruma hata waimbaji wangu wa mbele wakawa hawajisikii wenyewe. Noëlla, anayeongoza sauti za juu, alikwenda njia yake na kinanda kikaenda njia yake. Watu wakacheka, tena kanisani! Basi tulipoalikwa Walikale kwenye ufunguzi wa kanisa jipya, niliapa kwamba watatu wa mbele watavaa ekuteri, vile visikilizio vidogo vinavyoingia ndani ya sikio, ili kila mmoja aisikie sauti yake hata bafle zikitikisa ukuta.

Shyaka ndiye aliyenifundisha kuchagua. "Usidanganywe na besi, Papa," aliniambia. "Bantu banakuja hapa, banasikia besi inapiga, banachukua. Kesho banarudi, banasema sauti ya mwimbaji iko mu shimo." Akanionyesha kwamba jambo la kwanza ni kampira kadogo ka mwishoni. Kasipoziba sikio vizuri, besi yote inakimbia na wewe unalaumu kifaa. Halafu usikilize wimbo unaoujua mpaka mifupani, kwa sauti ya chini. Mwisho akaniwekea kwenye simu programu yenye vijiti vya kupandisha na kushusha, upande wa kushoto na wa kulia kila mmoja peke yake. "Polepole," akasema. "Kidogo tu, halafu unasikiliza tena."

Nikachukua jozi tatu za bei nafuu, zenye waya wa kuzungushia nyuma ya sikio. Nyumbani nikajaribu vipira vyote, masikio yangu yakataka vile vikubwa. Nikaweka wimbo wetu wenyewe, ule tulioimba Pasaka. Upande wa kulia, jamani! Nilimsikia Noëlla akivuta pumzi. Nilimsikia Munyakazi, yule wa besi, akifungua ukurasa. Lakini upande wa kushoto ulikuwa kama umefunikwa blanketi. Nikapandisha vijiti vya sauti za juu upande huo. Nikapandisha tena. Nilikaa nayo mchana kutwa, mpaka pande mbili zikalingana kabisa, nikajipongeza kwamba Shyaka mwenyewe asingeweza.

Kesho yake kwenye mazoezi nikamvisha Noëlla. Hakumaliza hata mstari mmoja. Alipiga ukelele, akaing'oa ile ya kushoto, akashika sikio.

"Papa, hii inachoma!"

Nikampa Munyakazi. Naye vilevile, mtu mzima akaruka kama amekanyaga kaa la moto. Hapo ndipo nilipoondoka kwenda kumtafuta Shyaka, na watu wakanipisha njiani.

Sasa Shyaka akazivaa, akazitoa upesi, akatazama simu yangu.

"Nani alipandisha hivi bijiti bya kushoto?"

"Mimi. Kushoto ni kubovu."

Akavisawazisha vyote, akasikiliza tena kwa makini. "Iko sawa, Papa. Pande zote." Nikazivaa mimi: kushoto blanketi. Akafungua jozi mpya kutoka kwenye katoni. Kushoto blanketi. Akafungua nyingine. Nikamwambia ameuziwa katoni nzima ya kushoto zilizokufa, na wateja wakacheka, na mimi nikafurahi kwamba wanacheka upande wangu.

Shyaka alizitoa masikioni mwangu, akageuza: ya kulia akaitia kushoto, ya kushoto akaitia kulia. Akaweka wimbo uleule.

"Sasa upande gani njo umekufa?"

Nilifungua mdomo niseme kulia. Ilipaswa kuwa kulia. Nikaufunga. Ile ekuteri niliyoitukana tangu jana ilikuwa inaniimbia vizuri kabisa kwenye sikio la kulia, pumzi za Noëlla na yote. Na ile nzima ilikuwa kushoto, na kushoto hakukuwa na kitu ila ngoma na ukungu.

Nasema kweli, nilishika meza. Sikuweza kumtazama mtu yeyote usoni. Wateja waliacha kucheka wenyewe.

"Papa," Shyaka akauliza taratibu, akihamia upande wangu wa kulia, "si ulifanya kazi ku mashini ya kusaga?"

Miaka minane. Injini ilikuwa mkono wa kushoto.

Nikatoka bila kuaga. Mtu mwingine angelilia sikio lake njiani. Mimi nilikuwa namlilia Joséphine-Marie, aliyekuwa mwimbaji wangu.

Kwenye kwaya yetu kuna desturi tunayoiita kupita na sikio. Kabla ya kila safari kwaya yote inaimba na ngoma zikipigwa, na maestro anapita kwenye mstari. Ninaziba sikio la kulia kwa kidole, ngoma zisinisumbue, ninapeleka la kushoto mbele ya mdomo wa kila mmoja. Nisiyemsikia hasafiri. Nisiyemsikia mara tatu anatoka. Miaka miwili iliyopita nilimpitia Joséphine-Marie kwa mara ya tatu nikaona mdomo umefunguka na hakuna kinachotoka. Nilisimamisha ngoma. Nikasema mbele ya wote, "Wewe unafungua mdomo tu. Sauti huna." Alivua kitambaa cha kwaya, akakikunja mara nne, akanipa kwa mikono miwili.

Nyumbani nilimkuta mke wangu, Mukandori, anachambua maharage.

"Mama, kwa nini unatembeaka siku zote upande wangu wa kuume?"

Mikono yake ikasimama. "Sababu kushoto hausikiake."

"Tangu lini?"

"Tangu mashini."

"Nani mwingine anajua?"

Alitazama maharage. "Kwaya yote. Ukiwa unapita, banapiga kelele mu sikio yako. Noëlla anaimbaka sauti ya banaume mupaka upite, kisha anarudia yake."

Nilidhani siku ile nimeshamaliza kushtuka. Kumbe! Miaka yote hiyo nilipita kwenye mstari kama jenerali, nimeziba sikio langu zima, watu wazima wakinipigia kelele na kukonyezana nyuma ya mgongo wangu.

"Na hamkuniambia!" nikafoka hata kuku wakatawanyika.

"Unaona?" akasema Mukandori. "Njo sababu hatukusema."

Nikakaa chini. Nikamwuliza kama Joséphine-Marie naye alijua.

"Tulimwambia. Tulimwambia apige kelele kama bengine. Alikatala. Alisema Maestro hawezi kukosa kusikia muntu."

Sikula siku ile. Waliojua ni kiziwi walibaki kwenye kwaya. Aliyeniamini ndiye niliyemfukuza.

Asubuhi nilipanda kilima mpaka kwake. Walikale bado ilikuwa wiki tatu mbele, na hakuna aliyeweza kufika juu kwenye ule wimbo wa ufunguzi ila yeye, lakini sikwenda kwa ajili ya Walikale. Nilikwenda kurudisha nilichochukua. Nilimkuta uani anachuja maziwa, nikamwambia yote nikiwa nimesimama, bila kuficha: ekuteri, Shyaka, mashine, kidole changu kwenye sikio zima. Nilisema nimemkosea mbele ya watu na nitaomba msamaha mbele ya watu.

Alisikiliza mpaka mwisho. Hakukasirika. Heri angekasirika.

"Asante, Papa," akasema. "Uko na roho muzuri. Lakini usijisingizie ugonjwa sababu ya kunihurumia. Mi nilishakubali."

"Sijisingizii! Sikio limekufa, Joséphine-Marie. Imba hapa, upande huu, utaona."

Nikageuza sikio la kulia, nikainama mbele yake kama mtoto anayengoja kuambiwa siri.

"Nitaimba na nini?" akauliza kwa upole. "Weye njo unasikiaka bantu bote. Kama haukusikia sauti yangu, haikukuwako."

"Nakwambia mimi ni kiziwi!" nikapaza sauti, na ng'ombe wakageuza vichwa.

Alinitazama kwa huruma, kama anavyotazamwa mzee aliyeanza kuchanganyikiwa. Ndani ya nyumba mtoto akaanza kulia, mtoto mchanga, wa kwanza, ambaye sikujua hata kwamba amezaliwa. Joséphine-Marie akafuta mikono, akaingia, akatoka naye begani. Alimpigapiga mgongoni, akamtingisha, midomo imefungwa. Mtoto akazidi.

"Ndagijimana!" akaita kuelekea zizini. "Kuja umwimbie mutoto!"

Mume wake akaja na matope mpaka magotini, akanawa haraka, akampokea. Akaanza kuimba. Hana sauti hata kidogo, maskini, anakwenda juu na chini kama mtu aliyepotea njia. Joséphine-Marie akarudi kwenye maziwa yake, akaniuliza kama nitakunywa.