Matuta Matatu ya Maji

Khawla alihesabu maua ya babunaji, yale madogo meupe ya kutilia chai, mara ya tatu, na mara ya tatu hesabu ikamtukana. Matuta sita, yote yamechanua sawasawa. Matatu alikuwa akiyapulizia mbolea ya chuma, zinki na manganizi kila baada ya wiki mbili. Matatu mengine aliyapulizia maji matupu, ili ijulikane mbolea ile inaongeza nini kwenye majani na maua. Mwezi uliopita matuta ya maji yalikuwa manjano, majani yamebaki na mishipa tu ya kijani, kama udongo wa mtaa wao wa Ansab unavyoifanyia mimea mingi. Leo yalikuwa yananawiri bila haya.

Akaenda stoo. Pakiti ya mbolea iliyopaswa kubaki nusu ilikuwa na vumbi tu chini.

Damu ikampanda kichwani. Miezi minne akitoka kazini Hamriya na kuinamia matuta kabla ya kutia kitu tumboni! Nafasi yake ya shahada ya pili ilikuwa ikingojea jaribio hili hili, na matokeo yalitakiwa mwisho wa mwezi. Kuanza upya hakuwezi: kiangazi kiko mlangoni, na babunaji haioti kiangazi cha Maskati hata uisomee dua.

"Mama!"

Bi Khole alikuwa barazani, ungo wa choroko mapajani. "Usinipigie makelele. Sijawa kiziwi."

"Nani kagusa mbolea yangu?"

"Mimi." Hakusita hata kidogo. "Alfajiri, tena si mara moja, kwa pampu yako, kama nnavyokuona ukifanya. Yale matatu yalikuwa yanakufa, mwanangu. Wenzao unawalisha, wao unawapa maji. Mimi nimezaa watoto watano, wallahi sikumshindisha mmoja na njaa nikamtazama mwenzake anavyonenepa."

"Ndiyo kazi yenyewe hiyo! Yakae na njaa, yafe, nione tofauti!" Khawla aliipiga ndoo teke ikabingirika hadi ukutani. "Ungekuwa umesoma, ungelijua hilo!"

Hasira hasara, husema watu. Wanaosema hivyo hawajapoteza miezi minne. Lakini neno lilikuwa limeshatoka.

"Sikusoma, kweli," alisema Bi Khole. "Lakini matuta haya yamo ndani ya nyumba yangu, na hukunambia hata siku moja yanafanya nini. Uliniambia, 'Mama, usikanyage.' Sikukanyaga."

Maneno hayo yalimzidishia Khawla ghadhabu, kwa kuwa yalikuwa ya kweli. Wenzake wote kazini walilijua jaribio lile. Alimweleza hata mwenye duka aliyemuuzia pampu. Mama yake, aliyeshinda na matuta yale mchana kutwa, alimpa amri moja tu.

Akampigia simu mwalimu wake wa chuo kikuu hapo hapo, kabla hasira haijamtoka.

"Daktari, sina matokeo. Mbolea imeingia matuta yote."

Mwalimu hakupoteza maneno. Nafasi atapewa anayefuata kwenye orodha. Ila alitaka kujua, ni mjinga gani aliyefanya hivyo?

Sauti yake ilisikika hadi barazani. Bi Khole aliweka ungo chini, akanyoosha mkono. "Nipe simu. Mwambie ni mimi."

Khawla alimgeuzia mgongo, simu akiishikilia sikioni mwake.

"Ni mimi, Daktari," alisema. "Usimwite mtu mjinga."