Sura Niliyomwandikia Liz

Hadithi yangu ilianzia ukutani. Mwaka 1994 nilimaliza chuo cha uhazili, nikapata kazi ya kupiga chapa katika duka dogo mjini Migori. Wateja walipokosekana niliandika. Benta, mwenye saluni ya jirani, alibandika kurasa zangu kando ya kioo ili watu wasichoke kungoja. Kila Jumatatu sura mpya. Wanawake walisoma wakisukwa, kisha wakaandika pembeni kwa penseli: "Ukimuua Boaz sirudi hapa." "Huyu mama mkwe aaibishwe." Niliyasoma maneno hayo saluni ikishafungwa. Jina langu sikuliweka. Benta peke yake ndiye aliyejua.

Nakala za kaboni nilimtumia kwa posta Liz wa Homa Bay, tuliyelala naye chumba kimoja chuoni. Aliniomba ili anisahihishie. Hakuwahi kusahihisha hata nukta.

Siku moja Bathsheba, muuza samaki wa Kendu Bay, aliketi kwenye kiti cha Benta, akatazama ukuta, akacheka.

"Nyinyi watu wa Migori mnaiba mpaka hadithi? Hii ni ya Liz."

"Liz gani?" Benta akauliza.

"Yule mwandishi. Anasoma kila Jumamosi kwa saluni ya Edith, Homa Bay. Watu wanajaa mpaka mlangoni. Na anasoma vizuri, ati hata yeye mwenyewe anashtuka, kama hajui mbele kuna nini."

Nilikuwa nimesimama mlangoni, nyuma ya mgongo wake, na sura mpya mkononi. Niliikunja nikatoka, nikalia nyuma ya duka. Katikati ya kilio maneno ya Bathsheba yakanirudia. Hata yeye mwenyewe anashtuka. Kumbe Liz hakuwa akizisoma kurasa zangu kabla. Alifungua bahasha mbele ya watu.

Nikanawa uso, nikarudi kwenye mashine, nikamwandikia sura yake, nikaituma kama kawaida.

Jumamosi nilikuwa kwa Edith, nimeketi chini ya draya, kichwa kimejaa rola, gazeti usoni. Liz alipoingia wanawake walimpisha kama mke wa chifu. Edith akazima draya ili watu wasikie.

"Katika mji mmoja kando ya ziwa," Liz alisoma, "palikuwa na msichana aliyewasomea wanawake hadithi. Watu walimwita mwandishi."

"Leo umejiweka ndani," mmoja akasema, wakacheka. Liz naye akatabasamu. Akalamba kidole, akafunua ukurasa.

"Alilamba kidole kila alipofunua ukurasa. Lakini hadithi haikuwa yake. Aliletewa na rafiki yake wa Migori, aliyemwamini..."

Sauti ikakatika.

"Endelea," Edith akasema.

"Ukurasa unaofuata umepotea."

"Si ndio huo umeshika?"

Bathsheba akauchukua. Alisoma polepole, kwa sauti yake ya sokoni: "Mkitaka kujua kama hadithi ni yake, mwulizeni Boaz atafanya nini kesho." Akainua macho. "Haya mwandishi. Boaz atafanya nini?"

"Atarudi kwa mamake."

"Mamake si tulimzika juzi? Mimi nililia mpaka Edith akanipea leso."

Hakuna aliyecheka. Nikashusha gazeti. Nikasimama.

"Atavuka ziwa kwenda kisiwa cha Mfangano," nikasema. "Atamkuta Nyamoita, msichana anayempenda, ameshaolewa, na hatamwambia kwamba ni yeye Boaz aliyemlipia karo."

Saluni nzima ikanigeukia.

"Na wewe ni nani?" Bathsheba akauliza.

"Dolphine. Wa Migori."

Wakamtazama Liz. Yeye alinitazama mimi.

"Dolphine," akasema kwa sauti ya chini, ile aliyokuwa akinibembelezea nilipougua chuoni. "Tafadhali, dada."

Ndani ya mkoba wangu mlikuwa na ukurasa mmoja ambao sikuutia kwenye bahasha. Humo yule rafiki anasamehewa. Niliupiga chapa siku ileile ya sura, machozi yakidondokea mashine. Nikaushika mkoba.

"Na huyo mwizi, nyathina, mwanangu, hadithi yake inaishia wapi?" Bathsheba akaniuliza.

Mkoba sikuufungua.

"Inaishia hapa," nikasema.

Nikaketi. Edith akaanza kunitoa rola moja moja, taratibu, na hakuna aliyempisha Liz alipoelekea mlangoni.