Madrigal Anatua Jumamosi

Majira ya baridi, uwanja wa Wahunzi, timu ya besiboli ya mji, unapofunikwa na theluji na hakuna mpira wa kutazama hadi Aprili, mashabiki wa Coalbrook hubakiwa na mdomo tu. Mwaka ule watu wanne walikuwa wakikutana kila asubuhi kwenye meza ya pembeni katika mkahawa wa Dolly, wanaagiza mayai na kahawa, kisha wanabishana.

Gus Trombetta, kinyozi mstaafu, ndiye aliyeitawala meza. Lucille Overby alikuwa amefundisha hesabu miaka thelathini, na alijua takwimu za kila mtu aliyewahi kuvaa jezi ya Wahunzi, hata wale waliocheza wiki mbili wakatemwa. Norbert Hruska alikuwa amefagia korido za shule hiyohiyo ya Lucille mpaka magoti yakamshinda. Wa nne alikuwa Delmar Kovalik, dereva wa mabasi ya kaunti aliyestaafu, ambaye kazi yake mezani ilikuwa kucheka Gus anapochekesha.

Alicheka kwa bidii, kwa sababu hakuwa amesahau yaliyompata mwaka uliotangulia. Mkewe Irene alipomwacha akaenda kuishi na Walter, fundi bomba wa mji wa jirani, Gus alimwandama Delmar kuanzia Novemba hadi Machi. Kila habari ya usajili iliyotoka gazetini aliigeuza ikawa ya Irene. "Nasikia amesaini mkataba mrefu. Klabu mpya inamtunza, halafu huko anapangwa kila siku, hasugui benchi kama alivyokuwa kwako." Meza nzima ilivunjika mbavu. Delmar naye alicheka, kisha akaenda kukaa bafuni kwake na kufungulia maji ili majirani wasimsikie. Norbert alipojiunga nao, Gus akapata windo jipya, na tangu siku hiyo Delmar alikula mayai yake kwa amani.

Kumchokoza Norbert kulikuwa rahisi, maana alikuwa na jambo moja tu moyoni. Kwake yeye, hajawahi kutokea Mhunzi kama Teófilo Madrigal, mrushaji wa mkono wa kushoto kutoka Jamhuri ya Dominika. Gus na Lucille walikuwa upande wa Hank Dombeck, mpigaji wa enzi ya baba zao, ambaye mipira yake ilivuka uzio na kuangukia mtoni.

"Dombeck alicheza hapa miaka kumi na minne," Lucille alisema. "Madrigal misimu minne. Hata hesabu ya vidole inakushinda, Norbert?"

"Mimi nilikuwepo siku ile," Norbert akajibu. "Mechi nzima, wapigaji ishirini na saba, Lucille. Ishirini na saba walisimama mbele yake, na hakuna hata mmoja aliyefika kituo cha kwanza. Akitoka uwanjani akanishika mkono. Mkono huu."

"Na hujaunawa mpaka leo," Gus akadakia. "Ndiyo maana Dolly anakuletea kahawa akiwa ameziba pua."

Delmar akacheka.

Vuli ile Madrigal alikuwa ametemwa na klabu yake ya ligi kuu. Alikuwa na miaka thelathini na minane na bega bovu. Gazeti liliandika mistari miwili kwamba huenda akamalizia mpira wake katika timu ndogo. Norbert aliikata mistari hiyo, akaiweka kwenye pochi, na tangu hapo kila asubuhi akawa anauliza swali moja kabla hata hajavua kofia: "Kuna lolote?"

Hapakuwa na lolote. Wahunzi walikuwa wamemsajili mdakaji mnene kutoka Ohio na kumuuza kijana wao mwenye mbio. Basi.

Jumatano moja ya Januari, Norbert akiwa bado hajafika, Gus aliwainamia wenzake. "Leo tunampa Madrigal wake," akasema.

"Gus, acha," Lucille akasema, lakini midomo ilikuwa tayari inamcheza.

Norbert alipoingia na kuuliza swali lake, Gus alivaa miwani, akatoa simu yake, akasoma polepole kama mtu anayesoma wosia. "Wahunzi wamrudisha Madrigal. Mkataba wa mwaka mmoja. Kutua uwanja wa ndege wa kaunti Jumamosi, saa sita mchana."

Norbert hakuwa na simu ya kusomea habari. Alisimama pale, theluji ikimyeyukia mabegani. Akamtazama Lucille, ambaye alikuwa ameinamia kikombe. Akamtazama Gus, akajua kwamba kwa Gus hawezi kupata ukweli. Mwisho akamgeukia Delmar.

"Delmar, wewe hujawahi kunidanganya. Ni kweli?"

Delmar alimwona Gus kwa pembe ya jicho. Alijua kabisa kwamba akisema hapana, Irene atarudi mezani kabla ya sahani kuondolewa.

"Kweli," akasema. "Hata redioni wametangaza."

Norbert akaketi, akafunika uso kwa viganja. Mabega yalimtikisika. Mwanzoni wakadhani anacheka.

Jumamosi Gus aliwapakia kwenye gari lake, wakapanda juu kwenye chumba cha chai cha uwanja wa ndege, ambako dirisha kubwa linatazama ukumbi wa abiria. Lucille alikuwa ameahidi kutokuja. Alikuja.

"Mama yangu we!" Gus akasema alipochungulia. "Kaleta parokia nzima."

Ni kweli. Norbert alisimama mbele, jezi namba 34 ya Madrigal imevutwa juu ya koti zito hadi mishono inataka kuachia. Nyuma yake walikuwepo watu kumi na mmoja wa kanisa la Mtakatifu Cyril: kina mama wanne wa kwaya, mzee mwenye fimbo, na padri mwenyewe. Walishika kitambaa kilichoandikwa KARIBU NYUMBANI TEÓFILO kwa herufi za kushonwa. Norbert alikuwa amekumbatia mkate wa njugu uliofungwa kwenye taulo jeupe, aina ile ambayo marehemu mama yake alikuwa akiioka Krismasi.

Ndege ilishusha abiria kumi na tisa. Wakapita wanafunzi, akapita mwanamke mwenye mbwa kikapuni. Kisha akatokea mwanamume mrefu, mweusi, mwenye mabega mapana. Norbert akamkimbilia na magoti yake mabovu, mkate umenyooshwa mbele, na kwaya ikaanza kuimba.

Kutoka juu hawakusikia maneno. Walimwona yule mtu akirudi nyuma hatua mbili. Walimwona akitikisa kichwa, akatoa kadi mfukoni kuonyesha kwamba yeye ni mtu mwingine, ana kazi nyingine, amekuja kwa shughuli zake. Norbert alimshika mkono wa koti, akamtazama usoni kwa karibu, akamwachia. Kina mama wa kwaya walinyamaza mmoja baada ya mwingine.

Gus alicheka mpaka akalalia meza. Alifuta machozi kwa tai yake. "Kadi!" alisema. "Maskini kamtolea kadi!"

"Nashuka nikamwambie," Delmar akasema.

"Shuka. Mwambie pia redio uliyoisikiliza ni ipi."

Delmar alibaki kwenye kiti chake. Wakaona padri akimsemesha Norbert kwa upole, na Norbert akionyesha ubao wa ratiba ya ndege, bila shaka akisema ipo nyingine saa kumi. Watu wakaanza kuondoka. Kitambaa kikakunjwa. Mwishowe Norbert akabaki peke yake kwenye benchi, mkate mapajani, akiutazama mlango wa abiria. Gus alipochoka kucheka, akasema ana njaa, wakaenda zao.

Jumapili Delmar alishika simu mara tatu kumpigia Norbert, na mara tatu akaiweka.

Jumatatu Norbert alikuja mkahawani kwa saa yake. Akavua kofia, akaketi. Hakuuliza lolote.

"Vipi mgeni?" Gus akaanza. "Bega linaendeleaje?"

"Nilijua kabla ya saa saba," Norbert akasema. Sauti yake ilikuwa tulivu. "Binti wa mapokezi alipiga simu ofisi ya klabu. Walimcheka, naye akaja kuniambia huku analia. Nilingoja ndege ya pili kwa sababu sikujua nitarudije kanisani."

Lucille alisema, "Norbert, tulizidisha. Naomba…"

"Hapana, ilikuwa nzuri sana." Norbert alitabasamu, na tabasamu hilo halikuwa lake. Lilikuwa la Gus. "Nilipokuwa kwenye benchi nilipata muda wa kufikiri. Gus, unataka kusikia kitu kizuri zaidi?"

"Naam, mzee wangu!" Gus alisogeza kiti.

"Kila siku saa saba mchana, Irene akiwa kazini, Delmar hupiga simu nyumbani kwa Irene. Si kwamba anataka kuongea. Anasubiri ile mashine ya ujumbe imwambie kwa sauti ya Irene kwamba hawapo. Akishaisikia, anakata, anapiga tena. Aliniambia mwenyewe tukitembea kurudi nyumbani, akaniomba nisimwambie mtu."

Mayai ya Delmar yalikuwa mbele yake, kijiko mkononi. Aliomba moyoni Lucille aseme neno. Lucille aliangalia barabarani.

Kisha Gus akabana pua, akasema kwa sauti nyembamba ya kike, "Hapa ni kwa Irene na Walter, hatupo kwa sasa. Kama ni Delmar, tafadhali piga tena baada ya dakika moja." Mkahawa mzima uligeuka. Aliyeanza kucheka ni Dolly nyuma ya kaunta, kisha madereva wawili wa malori, na Lucille naye akashindwa, akaficha uso kwenye leso. Norbert alicheka kuliko wote. Alikuwa akipigapiga meza, machozi yanamtiririka, na hakuacha kumtazama Delmar.

"Mimi nilikuuliza wewe," akasema alipopata pumzi. "Sikumuuliza Gus."

Delmar alilipa kifungua kinywa chake, akatoka, akapanda mlima hadi kwake. Siku nzima hakugusa simu. Hata saa saba ilipofika hakuigusa, na ilipofika saa nane alijua hataweza tena kuipiga namba ile bila kusikia sauti ya Gus juu ya sauti ya Irene.

Jumanne alikaa nyumbani. Jumatano pia. Nyumba ilikuwa na saa ya ukutani na friji linalonguruma, na nje theluji ilikuwa inafika magotini. Alhamisi alivaa koti na kwenda kwa Dolly.

Walikuwa katikati ya mabishano. Wahunzi walikuwa wamemsajili mrushaji mpya kutoka Korea, na Lucille alikuwa anakariri takwimu zake. Norbert alikuwa amehamia upande wa Gus. Alikubali sasa kwamba Dombeck ndiye Mhunzi bora wa wakati wote, na alikubali kwa haraka, kama mtu anayetema kitu kichungu. Walimwona Delmar mlangoni.

"Karibu," Norbert akasema, akasukuma kiti kwa mguu. "Keti hapa karibu yangu. Hebu tuambie, kuna lolote?"

Delmar akaketi. Gus alikuwa tayari ameshabana pua.