Tupu Kweli

Katika nyumba ya mzee Verl Hatch, bastola iliyo juu ya friji ina risasi, na iliyo juu ya meza haina. LaRue alilijua hilo tangu wiki ya kwanza ya kuolewa na Thane, kitindamimba wa mzee huyo. Na kulikuwa na sharti la pili. Anayeiweka mezani husema "Tupu." Mwenzake huchungulia, hutia kidole chake kidogo ndani ya chemba, pale risasi inapolala, akapapasa, ndipo hujibu "Tupu kweli." Sharti hilo Verl alilitunga mwenyewe. Kwa miaka thelathini na mmoja alikuwa akiwafundisha wawindaji wapya wa upande wao wa Idaho, Marekani, namna ya kubeba silaha bila kumwua mtu, hata kanisani watu walikuwa wakimwita Tupu Kweli, na yeye akiitika.

Jumamosi moja ya Februari mlango wa gereji ulikuwa umegandia chini kwa barafu, ukakataa kufunguka. Basi Verl na LaRue wakahamishia jikoni kazi ya bastola ya LaRue. Wakafunga jiriwa la kubania chuma kwenye ukingo wa meza, wakalizungushia tambara ili lisiikwaruze bastola, Arvilla akiwatazama kama mtu aliyeletewa ng'ombe sebuleni.

"Meza hiyo nimelelea watoto sita," alisema Arvilla, mkewe Verl. "Haijawahi kufungwa pingu."

"Ni kwa ajili ya mkono wa binti yako," Verl akamjibu. "Au unataka aaibike tena?"

Mkono wenyewe ulikuwa wa kulia. Miaka saba LaRue alisimama kwenye mkanda wa kuchambulia viazi, akiokota vilivyooza na mabonge ya udongo, mpaka vidole vikafa ganzi. Msimu wa vuli daktari alimpasua kifundo cha mkono. Kilipona, ila kidole cha shahada hakikurudi na nguvu zake. Kifyatulio cha bastola yake kilikuwa kizito. Kabla hakijaachia, mtutu umekwisha yumba, na matundu yote yanakwenda kushoto. Wiki iliyofuata kulikuwa na shindano la wanawake uwanjani, naye mwaka uliopita alishika mkia. Kwa hiyo aliagiza kifyatulio chepesi, na vilengeo vipya vyenye nukta ya kijani, kwa sababu vile vyeusi vya kiwandani alikuwa akivipoteza kwenye kivuli.

"Ukikosa safari hii, hutakuwa na mkono wa kusingizia," Verl alimtania.

"Nitamsingizia fundi, Baba."

"Fundi ni wewe."

"Basi mwalimu."

Arvilla akacheka hadi akaacha kukoroga. "Hapo umemweza. Kimya sasa, mzee!"

Kwa mikono yake mwenyewe LaRue alibadilisha kifyatulio, Verl akishika tochi na kuguna tu anapokosea. Kilengeo cha zamani kilikuwa kimeng'ang'ania, wakakigonga taratibu kwa kipande cha shaba mpaka kikateleza. Saa sita na nusu bastola ilikuwa nzima tena. Arvilla akataka meza yake.

"Ondoeni vyuma. Viazi vyangu haviliwi na grisi."

LaRue akafungua jiriwa. Verl akachukua bastola, na mkono wake ukafanya kile ulichokwisha kukifanya kwa miaka hamsini: ukaisukuma magazini, kile kibweta cha risasi, ndani ya mpini, ukavuta sehemu ya juu, risasi ikapanda chembani kwa mlio wake, ukaiweka bastola juu ya friji. Hakuna aliyeshangaa. Ya friji ina risasi.

Walikula viazi vya jibini na soseji ya elki, kulungu mkubwa wa huko. Baada ya hapo ikaja pai ya tufaha, na Verl akasimama na kipande kinywani, akaishusha bastola, maana LaRue alikuwa bado hajakitazama kilengeo kipya kwa utulivu.

LaRue alimwangalia, kama alivyoangalia kila kitu. Mkanda wa viazi ulikuwa umempa jicho la kuona kimoja kibovu katikati ya mia. Aliona mzee akivuta sehemu ya juu. Aliona risasi ikiruka nje, ikabingirika juu ya kitambaa cha plastiki, na Verl akiidaka kabla haijaanguka. Kisha aliona akiichomoa magazini na kuitia mfukoni mwa fulana.

"Tupu," Verl akasema, makombo yakimtoka. Kisha akageukia jiko: "Mama, ukoko wa leo mgumu, au meno yangu ndiyo?"

LaRue alikuwa akicheka. Risasi alikwisha kuiona ikitoka. Na aliyesema ni Tupu Kweli mwenyewe.

"Tupu kweli," akajibu.

Akainyanyua. Dirishani hakuelekeza, maana barabara ilipita kule. Akaelekeza ukutani, kwenye msumari uliowahi kuning'iniza kalenda ya mwaka jana. Nukta ya kijani ikakaa juu ya msumari kama nzi aliyetulia. Akafurahi. Akabana kidole kuonja kifyatulio kipya, na kilikuwa chepesi kweli, chepesi kuliko alivyotarajia.

Mshindo ukapasuka jikoni kote.

Baada ya hapo hakukuwa na sauti, ila mlio mwembamba masikioni. Moshi ulitanda juu ya pai. Chini ya msumari kulikuwa na tundu dogo safi, na vumbi jeupe la ukuta lilikuwa likishuka polepole. LaRue aliitazama bastola mkononi mwake asiijue ni ya nani. Verl alikuwa bado ameshika uma, kipande cha tufaha juu yake, mdomo wazi.

Ndipo LaRue akalitazama jiko la kupikia. Sufuria ilikuwapo. Kijiko kilikuwapo. Arvilla hakuwapo.

"Mama yuko wapi?"

Verl alitikisa midomo. LaRue hakusikia, lakini aliona neno lenyewe: stoo. Arvilla alikuwa amesema jambo kuhusu chupa ya pichi ya kumfungia LaRue aende nayo nyumbani, walipokuwa wakicheka, na hakuna aliyemwona akitoka. Na stoo ilikuwa nyuma ya ukuta ule.

"Mama!" LaRue akaita. Sauti yake ilimfikia kutoka mbali. "Mama Arvilla!"

Masikio yalipoanza kufunguka, akasikia kitu. Mchirizi mdogo, laini, usiokatika, kama mchanga unaomwagwa kutoka kwenye kiatu. Ulitoka upande wa pili wa ukuta.

Verl alijaribu kuinuka, akakaa tena. LaRue akaweka bastola mezani, mtutu ukielekea chini ya dirisha, akaenda. Hatua zilikuwa tisa. Katika hizo tisa mambo yote aliyoyaona yalirudi yakajipanga. Sehemu ya juu ilivutwa kwanza. Risasi moja ikatoka. Lakini magazini ilikuwa bado ndani, na risasi nyingine ilipanda chembani kuchukua nafasi. Ndipo magazini ikachomolewa, imechelewa. Alikuwa ameyaona kwa mpangilio wake, moja baada ya jingine, na hakuyaelewa.

Akasukuma mlango.

Arvilla alikuwa amesimama wima kati ya rafu, chupa ya pichi kwapani. Mbele yake, usawa wa kifua, kulikuwa na ndoo za ngano, zile nyeupe za akiba ya mwaka ambazo kila nyumba ya kanisa lao ilikuwa nazo. Ndoo ya tatu ilikuwa na tundu. Mkono wa Arvilla ulikuwa umeliziba, na ngano ilikuwa ikipita katikati ya vidole vyake na kumwagikia viatu.

"Umeumia? Mama, umeumia wapi?"

"Inamwagika," Arvilla akasema.

"Nitazame. Umeumia?"

"Inamwagika, LaRue. Lete kitu. Inamwagika."

LaRue akampapasa kifua, mabega, shingo. Hakuna damu. Risasi ilikuwa humo humo ndani ya ngano. Ndoo hiyo isingekuwapo, au ingekuwa imekwisha liwa nusu... Hakumaliza. Akauondoa mkono wa mkwewe taratibu, na kwa kuwa hakukuwa na kitu kingine, akaziba tundu kwa kidole chake kidogo. Kiliingia sawasawa. Mchirizi ukakoma.

Wote wawili wakakitazama kidole kile.

"Nani aliangalia?" Arvilla akauliza. Sauti ilikuwa imemrudia, ndogo.

"Nilisema tu, Mama. Sikuangalia."

Arvilla aliweka chupa ya pichi juu ya rafu kwa uangalifu mno, kama mtu anayeweka yai, akatoka akishika ukuta.

LaRue akabaki na kidole ndani ya ndoo, punje zikimsukuma ukuchani. Kutoka jikoni akasikia kiti kikivutwa, na kilio cha mzee, kikavu, cha mtu asiyejua kulia. "Niliitoa, Mama Thane. Niliitoa hapa, mfukoni, angalia." Kisha sehemu ya juu ya bastola ikavutwa. Ikavutwa tena. Mara tano, sita, LaRue alihesabu.

"Tupu," Verl akasema.

"Tupu," akarudia, kwa sauti ya mtu anayebisha hodi kwenye nyumba isiyo na wenyewe.

"Mimi siweki kidole humo," Arvilla akasema. "Sitaki hata kuigusa."

"Tupu, jamani."

"Ngoja, Baba!" LaRue akaita. "Usiiguse tena. Nakuja."

Akachomoa kidole. Ngano ikaanza upya kumwagika sakafuni, akaiacha. Mezani bastola ilikuwa imefunguliwa, magazini pembeni, risasi zote zimepangwa mstari mbele ya pai. LaRue akainama dirishani kwenye mwanga, akachungulia, akatia kidole kidogo, chenye vumbi la ngano, ndani ya chemba. Chuma kilikuwa bado na joto. Akapapasa. Akatoa, akachungulia, akatia tena, Verl na Arvilla wakimtazama bila kupumua, na nyuma ya ukuta ule mchirizi ukiendelea. Akatia mara ya tatu.

"Tupu kweli," akasema. Ndipo akachukua tambara la jiriwa, akaenda kuziba ndoo.