Krimu ya Gari la Vitabu

"Haya, semeni wenyewe," alisema baba mkwe. "Hii ni rangi gani?"

Alikuwa ameliweka gari katikati ya meza ya chakula, juu ya kitambaa cheupe, akarudi nyuma hatua mbili kama mpiga picha. Lilikuwa fupi kidogo kuliko rula ya shule. Milango yake ya nyuma ilifunguka kwa bawaba zilizotengenezwa kwa pini. Ndani, rafu zilisimama pande zote mbili, na kwenye rafu vilipangwa vitabu mia sita na kumi na viwili vya kadi, vilivyokatwa kwa wembe, hakuna kilichozidi ukucha wa kidole gumba. Usukani ulikuwa wa waya wa shaba. Hata ngazi ya kupandia alikuwa ameiweka, na ile ngazi ya pili akaibonyeza kidogo, kwa sababu kwenye gari kubwa lenyewe ilikuwa imebonyea.

"Krimu," alijibu mama mkwe upesi.

"Krimu," alisema wifi yangu.

Mume wangu alikuwa na chai mdomoni. Akaimeza. "Krimu, baba. Kabisa."

Ndipo mzee akanigeukia mimi.

Miaka tisa imepita, na bado naweza kukuchorea meza ile: nani alikaa wapi, kikombe kipi kilikuwa na mpasuko. Nilikuwa na neno moja la kusema, na watu watatu niliowapenda walikuwa wananitazama kwa macho ya kuniomba nisiliseme.

Niliolewa katika nyumba ile nikiwa tayari fundi wa rangi za magari. Watu wakisikia hivyo hunitazama kucha kwanza. Kazi yangu ni hii: mlango umegongwa, umefungwa mwingine, nami nachanganya rangi mpaka mlango mgeni na mwenyeji waonekane ndugu wa tumbo moja. Siku nilipopelekwa kutambulishwa, baba mkwe hakuniuliza natoka kwa nani. Aliniuliza, "Msasa wako wa mwisho ni namba ngapi?"

"Elfu mbili, baba, ule laini kabisa. Na maji."

Akamgeukia mwanawe. "Huyu usimpoteze."

Kwa miaka ishirini na sita alikuwa ameendesha gari la maktaba, lile la kupeleka vitabu mitaani na mashuleni, kila mtaa na siku yake. Umri wa kustaafu ulipofika wakachukua funguo, wakampa saa ya ukutani. Mwaka mzima, aliniambia mume wangu, baba yake alikaa kitini akiitazama saa hiyo kama mtu anayesubiri abiria. Kisha siku moja akaona dukani boksi la gari dogo la kuunganisha mwenyewe, vipande vyake vimepangwa kama mifupa ya samaki. Akalinunua. Gundi ilipokauka, mzee naye alikuwa amefufuka.

Baada ya la tatu aliacha maboksi, akaanza kuunda mwenyewe kwa plastiki, bati na waya. Kipimo chake kilikuwa moja kwa ishirini na nne: kila sentimita ishirini na nne za gari kubwa zilikuwa sentimita moja kwake. Wajukuu wa jirani wakampa jina la Mzee Milimita, naye akalivaa kama kofia. Hata mkate aliukata kwa namna ambayo ungeweza kuvirudisha vipande usione palipopita kisu.

Kilichokuwa stoo ndicho kikawa karakana yake: meza chini ya dirisha, kibano, nyembe, visosi vya rangi, na kipulizio kidogo kama kalamu ambacho hupuliza rangi nyembamba kuliko pumzi. Alipokuwa akipaka aliimba. Hakuwa na sauti, Mungu amsamehe, lakini aliimba. Akimaliza alilifunika gari kwa beseni vumbi lisitue juu yake, akatoka akitembea kwa ncha za vidole kama mtu aliyelaza mtoto.

Wiki yangu ya kwanza pale, mama mkwe alinivuta jikoni akafunga mlango.

"Umeyaona magari ya rafu ya juu?"

Nilikuwa nimeyaona. Kwenye rafu ya chini, ya zamani, nyekundu ilikuwa nyekundu na kijani kijani. Rafu ya juu, ya miaka mitatu ya karibuni, ilikuwa na magari kumi na moja, na kila moja lilikuwa kama limemwagiwa maji ya buluu: lori la kijani lililogeuka samawati, teksi ya njano iliyopauka kama mgonjwa.

"Akikuuliza, sema nzuri," mama mkwe aliniambia. "Walishamnyang'anya usukani. Mimi simnyang'anyi brashi."

"Lakini mama, labda ni macho yake…"

"Macho ya uzee hayana fundi, mwanangu. Funika kombe mwanaharamu apite."

Nikafunika. Kwa miezi minane nilisema nzuri, baba, imetulia, baba. Mwanzoni uongo huo haukunipa shida. Kisha nikamsikia akimwambia mgeni mlangoni, kwa sauti ya majivuno, "Mkwe wangu ni fundi wa gereji, na yeye mwenyewe ameipitisha hii." Siku hiyo nilitokea mlango wa nyuma nisikutane na mgeni huyo.

Kisha ikaja barua ya maktaba. Walikuwa wanatimiza miaka hamsini, na waliomba awaundie lile gari la vitabu, wakaliweke kwenye sanduku la kioo mlangoni. Nusu ya mji ilikuwa imepanda ngazi zile ikiwa na kamasi puani. Kila mtu alilijua gari lile: krimu, na mstari wa kijani ubavuni. Picha pekee aliyokuwa nayo mzee ilikuwa ya nyeupe na nyeusi. Rangi aliitoa kichwani. Alifanya kazi miezi mitano, na hiyo ndiyo iliyokuwa mbele yetu mezani sasa.

Nilimkumbuka msimamizi wetu pale gereji. Mwaka mmoja krimu zake zilianza kutoka kama maziwa yaliyotiwa maji, tukamcheka mgongoni, mpaka mtu mmoja akaona haya akamwambia. Akaenda hospitali, akarudi anaona. Aliyemwambia si mimi. Nilikuwa miongoni mwa waliocheka.

"Baba," nilisema, "hii ni buluu. Ya mbali sana, lakini ni buluu."

Kijiko cha wifi kilibaki njiani.

"Buluu," alirudia mzee. Hakubisha. Alimtazama mkewe, na mkewe akakitazama kitambaa cha meza. Nadhani hapo ndipo alipojibiwa. Alilinyanyua gari kwa mikono miwili, akatoka nalo bila kugonga mlango.

Siku tatu karakana ilifungwa. Mama mkwe aliosha vyombo kwa kishindo ambacho hakikuwa cha vyombo. "Umepata ulichotaka?" aliniuliza, mara moja tu. Mume wangu alijitahidi kuwa katikati. "Umesema kweli," aliniambia. "Ila ungeisema taratibu."

"Buluu inasemwaje taratibu?"

Alikuwa ameapa kunikasirikia, akashindwa, akacheka ndani ya mto.

Siku ya nne, saa tatu asubuhi, nikiwa nimevaa ovaroli na kizuia vumbi usoni, nilimwona baba mkwe amesimama kwenye lango la gereji. Alikuwa amevaa shati lililopigwa pasi na kukumbatia boksi la viatu.

"Nipangie," alisema bila salamu.

Nilielewa. Nilichukua kadi za rangi tunazoonyesha wateja, nikazitandaza juu ya boneti: nyeupe, krimu, samawati iliyopauka. Akaziinamia. Akazichukua mbili, nyeupe na krimu, akazibadilisha mkono, akazirudisha. Hakuweza kuzitenganisha.

"Fumba jicho la kushoto, baba," nilimwambia. "Sasa fumba la kulia, ufungue la kushoto."

Akafanya hivyo. Akarudia. Wenzangu walikuwa wameacha kugonga mabati, wanamtazama mzee wa watu akikonyeza kadi.

"Kadi ni moja," alisema hatimaye.

"Ni moja, baba."

"Macho mawili, rangi mbili." Akashusha pumzi. "Jicho lipi ndilo linalodanganya?"

"Huenda yote mawili. Ila moja limezidi."

Akacheka, kicheko kifupi, cha puani, lakini kicheko. Nikamsimulia habari za msimamizi wetu. Akauliza kama sasa anaona. Kutoka chini ya gari sauti ya msimamizi mwenyewe ikajibu kwa niaba yangu: "Muulize mkweo nimemrudishia kazi ngapi mwezi huu!"

Kwenye boksi, gari la vitabu lilikuwa limelala ndani ya pamba. Alilitazama, akalifunika. "Twende huko hospitali," alisema. "Wewe ndiye uliyeanza, wewe utanipeleka."

Tulikwenda wote. Mama mkwe alikaa upande wa pili wa benchi, mkoba magotini, hanitazami. Daktari wa macho, mwanamke mchangamfu mwenye mikono midogo, alimpima kwa taa yake, akasema ni mtoto wa jicho, macho yote mawili. Kile kioo cha ndani ya jicho kimeingia ukungu na manjano, akaeleza, kama dirisha la jikoni lisilofutwa. Kinatolewa, kinawekwa kipya.

Baba mkwe akamgeukia mkewe. "Kumbe tuna watoto wanne, si wawili."

Daktari bila shaka alikuwa ameusikia mzaha huo mara mia. Akacheka hata hivyo. Mama mkwe naye alicheka, halafu akalia, halafu akaniomba leso, na hilo lilikuwa neno lake la kwanza kwangu baada ya siku sita.

Walianza na jicho la kulia. Bandeji ilipotolewa, mzee alizunguka nyumba nzima akifumba hili na kufungua lile. Alitazama kuta, sabuni, mikono yake. Akasimama mbele ya mkewe.

"Gauni hilo ni zambarau!"

"Ndiyo."

"Miaka mitatu nakuambia gauni lako la kahawia limekupendeza!"

"Na lilinipendeza," alijibu mama mkwe.

Kisha akaingia karakana. Tulimfuata, tukajazana mlangoni. Alisimama mbele ya rafu ya juu muda mrefu, akayashusha magari yale yote, moja baada ya jingine, akayapanga juu ya meza kwenye mwanga wa dirisha. Hakukasirika. Ningependelea akasirike.

"Na nyote mlikuwa mnaona," alisema.

Mkewe ndiye aliyejibu. "Tulikuwa tunaona."

"Kwa nini, mama watoto?"

Mama mkwe alilainisha gauni lake kwa viganja. "Ulikuwa unaimba," alisema.

Mzee alitikisa kichwa, akatikisa tena, kama mtu anayejaribu uzito wa kitu. Baadaye aliyarudisha yote mahali pake. Hakupaka upya hata moja.

Gari la vitabu ndilo tulilolipaka upya, mimi na yeye, jicho la pili lilipokwisha kupona. Nilitaka ushahidi, si kumbukumbu. Mume wangu akakumbuka kwamba lile gari lilipokatwa chuma chakavu, baba yao aliomba kijimlango cha ubavuni, na mama yao, asiyependa kitu kikae bure, akakifanya mlango wa banda la kuku. Nilikwenda bandani na msasa. Chini ya kinyesi na kutu na rangi ya nyumba, ikatokea krimu yenyewe, kipande kikubwa kama stempu. Niliichanganya gereji siku nzima. Nilipoipaka kwenye kijiko cha plastiki na kukiweka juu ya kile kipande, kijiko kilipotea.

Nikampelekea baba mkwe, kifua mbele. Alikishika kijiko karibu na gari.

"Umefananisha vizuri mno," alisema. "Lakini siyo."

"Baba, nimeitoa kwenye mlango wenyewe!"

"Naam. Na mlango uliutazama kwa umbali wa pua." Akanivuta dirishani. Mwisho wa barabara lilikuwa limeegeshwa gari jekundu. "Lile ni jekundu kama likiwa hapa?"

Nilitazama. Lilikuwa jekundu lililopungua kidogo, kama lililofuliwa.

"Gari dogo ni gari kubwa lililo mbali," alisema. "Tia hewa iliyopo katikati."

Miaka kumi na miwili kwenye kazi ya rangi, na hakuna aliyewahi kuniambia hivyo. Nilidondosha nyeupe, tone moja, la pili, la tatu. "Moja tena," alisema. Nikatia la nne, nikapaka kijiko kingine, nikakisogeza. Mume wangu, aliyekuwa akipita na ndoo, alisimama mlangoni akaiweka chini. "Hilo!" alisema.

Siku ya maktaba tulivaa vizuri tukasimama nyuma ya watu. Walikuja wengi kuliko viti. Mwanamke mmoja mtu mzima aliinama mpaka pumzi yake ikafanya ukungu kwenye kioo, akamwita mumewe aje aone ngazi ya pili, imebonyea vilevile. Wengine walihesabu vitabu. Mwingine alisema kiti cha dereva kilikuwa na mto. Juu ya rangi hakuna aliyesema lolote, hata mmoja. Baba mkwe alinigusa kiwiko. Mafundi wawili tulijua maana yake.

Wiki iliyofuata aliingiza kiti cha pili karakana. Nilidhani ni changu. Nilipopeleka chai nikamkuta mama mkwe amekikalia, miwani puani, na mbele yake sahani ya rangi ya machungwa iliyochanganywa kwa ajili ya basi.

"Unaionaje?" mzee alimuuliza.

Aliitazama kwa utulivu, akaigeuza kwenye mwanga.

"Mbaya," alisema.

"Mbaya vipi?"

"Imekaa kama uji uliolala."

Mzee alifungua mdomo kujitetea. Nikaweka vikombe pembeni ya meza na kuwaachia mlango wazi. Walibishana mpaka chai ikapoa.