Jukwaa la Kibanda cha Miche

Nyinyi mnaojenga kwenye miteremko, nisikilizeni. Mwanangu Lucien alitaka kumjengea mkewe kibanda cha miche nyuma ya nyumba yao, huku kwetu Maine, kwenye baridi kali. Ardhi haikuwa sawa, kwa hiyo alitengeneza kwanza jukwaa la mbao, akalikalisha juu ya matofali ya saruji aliyoyapanga juujuu tu ya udongo.

"Chimbia nguzo, mwanangu," nikamwambia. "Barafu itainua ardhi."

"Mama nawe! Ni kibanda cha miche, si kanisa."

Wakati wa baridi ardhi ikaganda, ikavimba. Theluji ilipoyeyuka, kona moja ya jukwaa ikadidimia. Lucien akachukua jeki ya gari, akajipenyeza chini ya jukwaa ili aiinue kona hiyo.

"Toka huko, Lucien!"

"Natoka, Mama. Wewe katazame maharage yako yasiungue."

Jeki ikazama topeni, jukwaa likamshukia kifuani. Mimi na mkewe tulilivuta mpaka kucha zikatoka damu. Halikusogea.

Chimbieni nguzo zipite udongo unaoganda. Na mtu wenu akiingia chini ya jukwaa, mshikeni miguu mumtoe, hata akiwatukana. Mimi leo ningeyapokea matusi yake yote.